Ua bila rangi: picha za mimea za nyeusi na nyeupe zinatuonesha nini?

Mabishano yalianza na picha moja. Mtu alituma kwenye kundi letu la WhatsApp picha ya kitu chenye shingo ndefu, kichwani kimejikunja kama konokono, na nyuma yake weupe mtupu. Wa kwanza kujibu akasema ni ua la geti, akaomba namba ya fundi. Wa pili akasema hapana, ni fimbo ya askofu. Aliyeituma akaeleza kwamba ni chipukizi la kangaga, ule mmea wa milimani unaopenda unyevu, na kwamba picha ilipigwa Ujerumani takriban miaka mia iliyopita. Hapo ndipo moto ulipowaka. Kama ni mmea, kijani kimekwenda wapi? Mtu anaondoaje rangi kwenye ua, wakati rangi ndiyo uzuri wenyewe? Mmoja akataka kufunga mjadala: zamani hapakuwa na picha za rangi, basi, jambo limekwisha.

Halikuisha, na majibu niliyoyachapa siku ile kwa haraka hayakumtosha mtu. Picha hizi nimekaa nazo miaka mingi, nyingine ziko ukutani kwangu, na naamini kuchanganyikiwa kunakotokea mtu anapoziona mara ya kwanza ni kwa haki kabisa. Ngoja nizieleze taratibu.

Kwanza maneno. Tunasema picha za "nyeusi na nyeupe" kwa mazoea tu. Weusi kamili na weupe kamili humo ni haba. Sehemu kubwa ni kijivu: kijivu cha majivu, cha wingu la masika, cha saruji mbichi, cha moshi wa kuni. Kazi yote hufanyika ndani ya vijivu hivyo. Neno la pili nitakalolitumia ni "usasa". Katika upigaji picha wa mimea, namaanisha hasa kazi za miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, Ujerumani na Marekani. Kabla ya hapo, wapiga picha wengi waliotaka kuitwa wasanii walizilainisha picha zao makusudi, wakazitia ukungu na kuzichapa kwa namna itakayozifanya zifanane na michoro. Wanausasa wakakataa. Kamera si brashi, walisema. Uwezo wake mkubwa ni kuona kitu kwa ukali, mstari kwa mstari, basi na ifanye hivyo bila aibu.

Sasa turudi kwenye swali la kundi letu: kwa nini rangi itolewe?

Fikiria stendi ya mabasi. Kabla hujaliona basi, mpiga debe ameshakushika mkono, ameshakutajia nauli na amekuambia kwamba gari limejaa, bado mtu mmoja. Rangi hufanya hivyo hivyo. Ukitupa jicho kwenye waridi, wekundu unakufikia kabla ya waridi lenyewe. Unasema "jekundu, zuri," kisha unapita. Umeridhika, lakini ukiulizwa petali zilikuwa zimepangwaje, au kikonyo kilishikana na ua kwa namna gani, huna jibu. Kuondoa rangi ni kumwomba mpiga debe anyamaze kidogo ili ulitazame basi. Kinachobaki ni umbo: ukingo wa jani, mishipa yake, namna linavyojikunja, mahali linapozama gizani na mahali linapopokea mwanga.

Lakini rangi haiondoki yenyewe ikaacha umbo salama. Hapa ndipo kitufe cha simu kinapowadanganya watu. Rangi mbili zinazopigana vikali machoni zinaweza kugeuka kijivu kimoja. Hoho jekundu likikaa juu ya jani la kijani huonekana kutoka hatua kumi. Ukiliondolea rangi huenda lisionekane linaanzia wapi na jani linaishia wapi. Waliofanya kazi kwenye mashine za zamani za fotokopi wanalijua jambo hili vizuri. Ungewapelekea cheti chenye muhuri mwekundu na saini ya bluu hafifu, muhuri ungetoka mweusi tii na saini ingepotea kabisa. Mashine ilikuwa na upendeleo wake wa rangi.

Filamu za zamani zilikuwa na upendeleo kama huo. Zile zilizoitwa ortokromatiki ziliona bluu na kijani, lakini kwa wekundu zilikuwa vipofu. Ndiyo maana mafundi waliweza kuzisafisha chumbani chini ya taa nyekundu bila kuziharibu. Waridi jekundu kwenye filamu hiyo hutoka jeusi. Baadaye zikaenea filamu za pankromatiki, zinazoona rangi zote, na hapo mpiga picha akapata usukani mkononi: akiweka kioo cha kijani mbele ya lenzi, majani yanang'aa, akiweka chekundu, majani yanazama na ua jekundu linapanda kuwa jeupe. Mmea ni uleule, saa ni ileile, na picha zinatoka mbili tofauti kabisa. Kwa hiyo kijivu unachokiona kwenye picha nzuri ya jani ni uamuzi wa mtu.

Na hili la kwamba rangi hazikuwepo? Zilikuwepo. Ndugu wawili wa Ufaransa, akina Lumière, walianza kuuza vioo vya picha za rangi mwaka 1907, na kilichobeba rangi kilikuwa chembechembe za wanga wa viazi zilizotiwa rangi. Ni kweli njia hiyo ilikuwa na shida zake: ilihitaji mwanga mwingi na muda mrefu, na ilikupa kioo kimoja tu cha kuangalia kinyume na mwanga, si picha ya kuchapa nakala upendavyo. Kwa hiyo aliyefunga mjadala kwenye kundi ana sehemu ya ukweli. Sehemu iliyobaki ni kwamba filamu rahisi za rangi zilipofika kuanzia 1935, wapiga picha hawa hawakukimbilia huko. Edward Weston, ambaye nitamzungumzia baadaye, alitumia filamu za rangi za Kodak miaka ya 1940 na akazifurahia, lakini aliziona kama chombo kingine cha kazi nyingine. Hakuziona kama tiba ya upungufu wa ile ya kwanza.

Twende sasa kwa mwenye kangaga lake.

Karl Blossfeldt alizaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Schielo, milima ya Harz, Ujerumani. Ujana wake aliuanzia kwenye karakana ya kusubu chuma, akijifunza kutengeneza mapambo ya chuma. Kwa hiyo yule aliyesema "ua la geti" hakupotea sana njia. Baadaye alikwenda Italia kufanya kazi na mwalimu wa uchoraji, Moritz Meurer, aliyekuwa akikusanya mimea na kuitengenezea mifano ya kufundishia wabuni wa mapambo. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Blossfeldt akaanza kufundisha katika chuo cha sanaa na ufundi Berlin, na huko alidumu miongo mitatu. Wanafunzi wake walikuwa watu wa kuchonga, kufua na kusubu. Alitaka wajifunze kutoka kwenye mimea, lakini ua bichi hunyauka kabla somo halijaisha, na lililokauka hupoteza umbo. Picha ilikuwa njia ya kulisimamisha.

Zitazame picha zake nyingi pamoja, utagundua unazijua. Ni picha za pasipoti. Nyuma kuna kadibodi nyeupe au ya kijivu, mwanga ni tulivu usio na kivuli kikali, mhusika yuko wima katikati, hatabasamu, hapindi shingo. Afisa wa uhamiaji anataka uso wako bila mapambo ili ajue wewe ni nani. Blossfeldt alitaka hivyo hivyo kwa kikonyo cha boga. Na mimea yake haikuwa ya bustani za matajiri. Mingi aliiokota kando ya njia na kando ya reli: magugu.

Kamera yake aliitengeneza mwenyewe, ya mbao, yenye mfuko mrefu wa mikunjo kama wa akodiani ya taarabu. Mfuko huo ndio siri ya ukubwa. Umewahi kuona projekta mkutanoni: ukiisogeza mbali na ukuta, picha inakua, lakini inafifia. Kamera ni hivyo hivyo. Ukiipeleka filamu mbali na lenzi, chipukizi la sentimita mbili linakuwa kama nguzo, lakini mwanga unaoifikia filamu unakuwa hafifu mno, na inabidi usubiri dakika nzima au zaidi kabla ya kufunga lenzi. Muda wote huo mmea usitikisike. Upepo wa dirishani, mlango uliofungwa kwa nguvu, hata hatua za mtu kwenye sakafu ya mbao, vyote ni maadui. Alikuza mimea kwa njia hii, mingine hadi mara 30.

Alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi bila kujulikana nje ya darasa lake. Mwaka 1926 mwenye nyumba ya sanaa mjini Berlin, Karl Nierendorf, akazionesha picha hizo, na 1928 kikatoka kitabu chake chenye picha 120, *Urformen der Kunst*, yaani maumbo ya asili yaliyo chimbuko la sanaa. Mwalimu mwenye umri wa zaidi ya miaka 60 akajikuta maarufu ghafla. Alifariki 1932.

Watu wengi wakiziona huamini ni picha za kisayansi. Sivyo. Mtaalamu wa mimea anataka kuona mzizi, jani, ua, mbegu na rangi. Anataka kujua mmea huu unatofautianaje na jirani yake. Blossfeldt aliyapunguza majani yaliyomzuia kuona, akakata vitawi, akavipanga vilivyobaki na kuvibana vikae alivyotaka, na baadaye akarekebisha kwa mkono negativu, ile picha ya kwanza ambayo weusi na weupe wake umegeuzwa. Kwa mtaalamu wa mimea hilo ni kosa. Kwa mtu anayemfundisha msubu chuma jinsi shina linavyobeba uzito wa ua, ndilo somo lenyewe. Na wapo wengine wanaoamini kinyume chake, kwamba picha hizi ni "asili kama ilivyo". Nalo si kweli, kwa sababu ileile ya mkasi.

Sisi wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa hili. Simama mbele ya mlango wa kuchonga Zanzibar au Lamu uone ua lililokaa katikati ya kizingiti cha juu. Fundi hakuleta harufu yake wala rangi yake. Ameleta mpangilio: petali zinazozunguka kitovu, ukingo mmoja ukilalia mwingine, zote zikiwa zimehesabiwa. Ukiutazama mlango asubuhi, jua likiupiga kwa ubavu, unaona kila patasi ilipopita. Jua likiupiga uso kwa uso, mlango uleule umekuwa ubao bapa. Hakuna anayelalamika kwamba ua la mlangoni halina rangi, kwa sababu tulizoea kulitazama kwa vivuli vyake.

Mwanga wa ubavuni unastahili maelezo zaidi, maana ndiyo nusu ya ufundi. Chukua barabara ya vumbi. Adhuhuri huoni mashimo. Dereva mgeni anayaingia yote. Saa kumi na moja jioni, jua likiwa chini, kila kokoto lina kivuli chake na kila shimo limejaa giza. Barabara ni ileile. Mpiga picha wa jani anachagua saa yake, au dirisha lake, kwa hesabu hiyo. Blossfeldt alichagua mwanga mtulivu kwa sababu alitaka ukingo na mpangilio. Wengine walitaka unene na uzito, wakachagua giza.

Mjerumani mwenzake, Albert Renger-Patzsch, alikuwa kijana wa umri tofauti na mawazo tofauti. Alizaliwa 1897, akasoma kemia, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akapiga picha nyingi za mimea kwa ajili ya mradi wa vitabu katika mji wa Hagen. Mingi ilikuwa mimea ya bara letu na ya Amerika iliyokuwa ikikuzwa kwenye nyumba za vioo: yenye majani manene ya kutunza maji, jamii za mshubiri na dungusi kakati. Mwaka 1928, mwaka uleule wa Blossfeldt, alitoa kitabu chenye picha 100, *Die Welt ist schön*, yaani Dunia ni nzuri. Yeye mwenyewe alitaka kiitwe *Die Dinge*, yaani Vitu, tu. Mchapishaji ndiye aliyependa uzuri. Kwenye jalada waliweka alama mbili: mmea wa jamii ya mkonge, na nguzo ya simu.

Msomaji wa Tanga asimame hapo kidogo. Mkonge wetu nao ni mgeni kutoka Meksiko, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kupitia Florida. Aliyeukata mkonge shambani alfajiri anajua majani yake yanavyotoka kwenye kitovu kwa mzunguko. Ni jani kama upanga, lakini pia ni kama kitu kilichotoka kiwandani, na ndiyo sababu likawekwa pamoja na nguzo ya simu. Renger-Patzsch alipiga picha nyoka, vyuma vya viwandani na maua kwa jicho moja, lisilopendelea.

Kitabu hicho kilipata adui mkubwa. Mwandishi Walter Benjamin, ambaye 1928 alikipokea cha Blossfeldt kwa furaha, miaka michache baadaye alikishambulia kichwa hiki cha "dunia ni nzuri". Hoja yake kwa ufupi: kamera ya namna hii inaweza kupamba chochote, hata umaskini, na mtazamaji akaondoka ameburudika bila kuuliza nani ameusababisha. Nadhani alikuwa sahihi kuhusu nyumba za maskini na jalala. Kuhusu jani la mshubiri simfuati. Jani halina mwajiri aliyelinyima mshahara, na kulitazama kwa makini hakumfichi mtu.

Upande wa pili wa bahari, California, mimea iliingia kwenye kamera kwa sababu nyingine: watoto. Imogen Cunningham alizaliwa 1883, akasoma kemia Chuo Kikuu cha Washington, akafanya kazi studio na kuendelea na masomo ya kemia ya picha mjini Dresden. Mwaka 1917 alikuwa na watoto watatu wadogo, wawili kati yao mapacha waliozaliwa mwaka huohuo, na familia ikahamia eneo la San Francisco. Mama mwenye watoto watatu wanaotambaa na kukimbia hawezi kubeba kamera kwenda milimani. Akapanda bustani, akapiga picha alichoweza kukifikia wao wakicheza au wakilala. Wako wanaosimulia habari hii kana kwamba bustani ilikuwa jela yake. Mimi nikizitazama picha zenyewe naona mtu aliyepata muda wa kulirudia ua lilelile siku baada ya siku, jambo ambalo msafiri halipati.

Picha yake ya 1925 ya ua la magnolia imelikaribia ua mpaka petali hazitoshi kwenye fremu. Petali ni vijivu vyepesi, laini kama shuka iliyopigwa pasi nusu. Katikati kuna koni ndogo iliyosimama, na chini yake stameni, vile vijiti vya chavua, zimelala kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Huwezi tena kusema "ua zuri" ukapita. Unaingia ndani yake kama nyuki.

Alipiga pia yale maua meupe yaliyojiviringisha kama faneli, ambayo wapambaji wa harusi huyapenda mno. Jina lake la kisayansi, *Zantedeschia aethiopica*, huwafanya watu wadhani ni ya Ethiopia, lakini wazee wa Ulaya walitumia neno hilo kwa Afrika kwa jumla. Asili ya maua haya ni kusini mwa Afrika. Ukilitazama ua hilo kwa rangi unaona weupe, basi. Kwenye picha ya Cunningham yenye maua mawili mbele ya giza, moja nyuma ya jingine, unaanza kuona mishipa inayopanda kutoka kikonyoni, ukingo unaopinda nje, ncha iliyojikunja. Na unatambua kwamba unalitazama jani. Ndivyo lilivyo kweli: hilo "petali" kubwa ni jani lililogeuka kuwa jeupe, na maua halisi ni vidoa vidogo vilivyojipanga kwenye ule mchi wa katikati. Picha isiyo na rangi imelisema jambo ambalo rangi ilikuwa ikilificha.

Kazi za Cunningham, za Blossfeldt na za Renger-Patzsch zilikutana mwaka 1929 kwenye maonesho makubwa ya picha na filamu mjini Stuttgart. Miaka mitatu baadaye, San Francisco, Cunningham na wenzake sita wakaanzisha kundi lililoitwa f/64, wakafanya maonesho katika jumba la makumbusho la de Young mnamo Novemba 1932. Jina hilo huwatisha watu kwa sababu linafanana na hesabu. Ni tundu tu. Kila lenzi ina tundu linaloweza kupanuliwa au kubanwa, na f/64 maana yake kipenyo cha tundu ni sehemu moja ya 64 ya urefu wa fokasi wa lenzi, yaani umbali kutoka lenzi hadi filamu inapolenga kitu cha mbali. Kwa lenzi ya milimita 300, tundu hilo halifiki milimita 5. Ni punje ya mtama.

Faida yake unaweza kuijaribu sasa hivi. Mtu aliyesahau miwani hukunja ngumi na kuchungulia bango kupitia kitundu kidogo, na maandishi yanakaa sawa. Tundu dogo huzuia miale inayotawanyika, kwa hiyo kilicho karibu na kilicho mbali vyote vinatulia. Kwa picha ya ua, hilo linamaanisha ncha iliyo mbele na kikonyo kilicho nyuma vyote vinakata kama wembe. Nalisema kwa sababu siku hizi simu zinatuuzia ukungu wa nyuma kama alama ya picha ya kitaalamu. Watu hawa waliamini kinyume, mpaka wakajiita kwa jina la tundu lao.

Mmoja wao alikuwa Edward Weston. Agosti 1930, huko Carmel, alikuwa na mahoho kadhaa aliyoletewa na Sonya Noskowiak, mpiga picha mwenzake. Aliyapiga picha siku kadhaa, negativu zisizopungua 30, na hakuridhika mpaka alipoliweka moja ndani ya faneli ya bati iliyolazwa ubavu. Bati likarudisha mwanga kutoka pande zote, taratibu, na nyuma hapakuwa na kitu kingine. Picha hiyo inaitwa *Pepper No. 30*. Watu wameona humo mgongo wa mwanamume aliyeinama, watu wawili waliokumbatiana, na mambo mengine ya faragha ambayo Weston mwenyewe aliyakataa: kwake lilikuwa hoho. Na yalipoanza kunyong'onyea, aliyala.

Nililijaribu jambo hili jikoni. Nilichukua hoho lililopinda, lile ambalo muuzaji hulisukuma pembeni ya fungu, nikaliweka juu ya meza na kuwasha taa ya simu. Likawa doa jeupe linalong'aa katikati na weusi pande zote, umbo limepotea. Kisha nikalaza faneli ya bati ya mafuta ya taa, niliyoiosha, karibu na dirisha linalotazama ukuta wa jirani ambako jua halipigi moja kwa moja. Nikaliingiza hoho. Ghafla lile bonde kati ya mafungu mawili ya nyama yake likaonekana lote, likishuka kutoka kikonyoni, likijificha, kisha likitokea tena chini. Ngozi ilikuwa na mng'ao mwembamba kama wa bega lililopakwa mafuta. Hapo tu ndipo nilipobonyeza kitufe cha kuondoa rangi, na hakikuwa na kazi kubwa iliyobaki.

Ndiyo maana nawaambia wanaojaribu: tafuteni mwanga kwanza, na kadibodi ya kuweka nyuma, na mtulie. Dirisha lisilo na jua kali linatosha. Jani la kabichi linatosha. Weston alipiga moja mwaka 1931, likatoka kama kitambaa kizito kilichomwagika mezani.

Mmea ninaoupenda zaidi kwa kazi hii ni boga, na Blossfeldt naye ameviweka vikono vyake kitabuni. Mboga ya maboga nimeichambua tangu utotoni, nikivivua na kuvitupa vile vikono vilivyojizungusha kama springi bila kuvitazama. Mwaka jana nilipiga picha kikono kimoja kilichokuwa kimeushika uzio wa waya, nikaweka kipande cha boksi jeupe nyuma yake na kusubiri wingu lifunike jua. Kwenye picha, kijani kikiwa kimeondoka, niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona: springi ile haizunguki upande mmoja. Inatoka shinani ikizunguka kushoto mizunguko kadhaa, inafika katikati, inanyooka kidogo kama inayofikiri, kisha inaendelea kuelekea kulia mpaka kwenye waya. Nilitoka nje kuangalia vingine. Kila kilichokuwa kimeshika uzio kilikuwa na kile kipande kilichonyooka katikati. Vilivyokuwa vinaning'inia hewani havikuwa nacho. Kikono kilichofungwa ncha zote mbili hakiwezi kujisokota upande mmoja bila kujinyonga, kwa hiyo kila mzunguko wa kushoto unalipwa kwa mmoja wa kulia. Nilihesabu kwenye picha: minne, kisha minne.